Mwaka Dorkasi Aliposhika Ombi Langu

Jumanne, tarehe 6 Mei 1986. Mvua tangu alfajiri, si ya kishindo, ni ile ya polepole inayonyesha kama haina pengine pa kwenda. Bati la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana.

Mwalimu wetu wa Kisauni alitufundisha kuandika shajara hivi: hali ya hewa kwanza, chakula cha jioni mwisho, na katikati ukweli. Hali ya hewa na chakula sijawahi kukosea. Hapo katikati ndipo ninapojitilia shaka, kwa kuwa nilisoma madarasa manne tu, na pia kwa kuwa mtu mwenye wivu hafai kuaminiwa sana akishika kalamu. Jumamosi tulimzika Dorkasi kule Mbaraki. Nilisimama chini ya mwavuli wa kuazima nikawatazama wanawe wakiinama kuchota udongo, kisha wakaza wana, kisha wajukuu, na mstari ulikuwa mrefu hata mchungaji akawa anageuza kurasa ovyo huku akingoja. Nikaona wivu. Mwenzangu amelala ndani ya shimo, mvua inamnyeshea, nami namwonea wivu wingi wa mikono inayomfukia. Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu, Gideoni, ambaye macho yake sasa yanaona mwanga tu na vivuli. Akaniuliza, je, nilimlilia? Nikasema nilimlilia sana. Akasema basi ni sawa, yote mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja, na kwamba kifuani mwangu yamekaa muda mrefu bila kupigana. Sikujua kama ananifariji au ananisuta. Tangu hapo nimekuwa nikiukumbuka mwaka mmoja tu. Shajara yangu ya mwaka ule ililiwa na mchwa tulipohamia huku Tononoka, kwa hiyo nitakayoandika yanatoka kichwani, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Mwaka wenyewe ni 1946. Vita vilikuwa vimekwisha lakini mchele bado tuliupangia foleni, na wanaume walikuwa wakirudi kutoka vitani Bama mmoja mmoja, wengine wamekonda hata mama zao wakawa wanawatazama viatu kwanza kabla ya kuthubutu kuwatazama uso. Gideoni alikuwa seremala bandarini Kilindini. Tulipanga chumba Kuze, Mji wa Kale, katika nyumba ya Bi Zuhura, mjane wa Kiislamu mwenye sauti ya kuita mtu kutoka mtaa wa pili, na chumba cha pili kilipangwa na Dorkasi. Ilikuwa nyumba ya udongo na mawe, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye jiko, bafu na kisima. Kuta za vyumba hazikufika juu. Ziliishia pale ambapo mtu mrefu angeweza kutundika kofia, na kutoka hapo hadi makutini palikuwa wazi ili upepo upite. Upepo ulipita, na kila kitu kingine kilipita nao: harufu ya dagaa, kikohozi, ugomvi wa chumvi, na sala. Chumbani kwetu tulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la Gideoni la vifaa, na meza aliyoitengeneza kwa mbao za makasha ya bandarini, ambayo upande mmoja bado ilikuwa na herufi nyeusi zisizosomeka. Juu ya meza ile ndipo nilipokuwa nikiandika, na juu ya meza ile ndipo tulipokula, sisi wawili tu, na mahali pa mtu wa tatu niliziweka glasi.

Wakristo hatukuwa wengi Mji wa Kale, na sisi wanawake tulijuana kwa nyayo. Kila Alhamisi adhuhuri ikishapita tulikutana katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, chini ya Mama Perisi, mwanamke wa Rabai aliyekuwa mnene, mcheshi, na asiyependa kubishiwa. Sijui ni yeye aliyeanzisha desturi ya vifungo au aliikuta. Kila mwaka ulipoanza, kila mwanamke alikata kifungo kimoja kutoka nguo yake, akakiweka katika sinia, akataja haja yake mbele ya wote. Kisha Mama Perisi alivigawa, na hakuna aliyepewa cha kwake. Uliyepewa ulikifunga katika pindo la leso yako ya kujifunga, na mwaka mzima haja ile ikawa kazi yako mbele za Mungu. Mwenyewe ulikatazwa kujiombea. Mama Perisi alieleza kwamba mwenye shida huomba kwa fujo, humpigia Mungu kelele kama mtu aliyeibiwa kuku, lakini mwenzake atamwombea kwa adabu na kwa mpango. Na haja ikijibiwa, aliyejibiwa alipika, akampelekea chakula yule aliyemwombea, naye akala wa kwanza, na hapo kifungo kikarudi kwa mwenyewe. Mwaka ulipokwisha, vile visivyojibiwa vilirudishwa kwenye sinia, na wenye navyo wakachagua wenyewe mtu wa kuwashikia upya. Mchungaji alizijua habari hizo na hakuuliza sana. Nadhani aliogopa kumuuliza Mama Perisi.

Haja yangu ilikuwa mtoto. Nilikata kifungo cheupe cha chaza kutoka gauni langu la arusi, nikataja haja yangu nikitazama mkeka, maana kila mmoja aliijua kabla sijaitaja. Haja ya Dorkasi ilikuwa mumewe, Lazaro, dereva wa jeshi, ambaye barua zake zilikuwa zimekoma. Mama Perisi akatubadilishia vifungo, mimi na yeye, kwa sababu tulilala nyumba moja. Alisema tutaweza kukumbushana bila kuvaa viatu.

Niseme jinsi Dorkasi alivyokuwa, na niseme kwa haki. Alikuwa mrefu kunishinda, mweusi wa kupendeza, mwenye pengo la meno ambalo kwa mwingine lingekuwa aibu na kwake likawa pambo. Alikuwa mkarimu. Akikuna nazi mbili, moja ilikuwa ya wenzake. Alicheka haraka na alikasirika polepole. Hakuna neno baya ninaloweza kuandika juu yake hapa bila kusema uongo, na hilo ndilo lililonisumbua mwaka mzima, kwa sababu mtu ukimwonea wivu hutamani akupe sababu.

Mimi nilimwombea Lazaro kwa kweli. Nilimwombea asubuhi nikifagia na jioni nikiwasha seredani, nikitaja jina lake, miguu yake, gari lake. Pasaka ilikwisha kupita na masika yameanza pale alasiri moja, nikiwa uani nimeikalia mbuzi nakuna nazi, nilipomsikia Bi Zuhura akiita kutoka barazani, kwa sauti ya mtu anayetangaza bei ya ndizi.

"Dorkasi, njoo. Kuna mtu hapa asema ni wako. Ukimkana nimfukuze, kwani alivyolowa ataniharibia mkeka."

Dorkasi alipita mbele yangu mikono imejaa unga. Nilimwona Lazaro kutoka mlango wa ukumbi, amesimama na mfuko wake wa kijeshi begani, maji yanamchuruzika, hajui aingie na viatu au avivue. Siku ile sikuona wivu hata chembe. Nilijiona kama mtu aliyemaliza kazi yake. Siku chache baadaye Dorkasi alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mchele ule alikuwa ameupangia foleni asubuhi nzima. Akaleta sinia chumbani kwetu, akaliweka juu ya meza ya makasha, akapiga magoti.

"Kula, mwenzangu. Wewe ndiwe uliyemrudisha."

Nikamwambia ni Mungu.

"Mungu simwoni hapa nimpakulie. Kula wewe."

Nikala wa kwanza, nikamrudishia kifungo chake, na wote wanne tukala katika sinia lile mpaka tukafikia maua yaliyochorwa chini. Sijawahi kula wali mtamu kama ule. Naandika hivyo nikijua kwamba njaa ya miaka ile iliongeza utamu, lakini hata hivyo.

Sasa pindo langu lilikuwa tupu, na wanawake wakaliona. Mirika, mke wa mpishi mmoja wa Kizingo, aliniletea kifungo chake nimwombee jicho, na jicho likapona. Mwingine alitaka nduguye apate kazi ya reli, akapata. Huenda vyote vilikuwa njiani tayari, sijui. Lakini Alhamisi wakaanza kusema kwamba mimi, Yunisi, nina mkono mwepesi, ninachokishika hujibiwa upesi, na Mama Perisi alinikalisha karibu naye. Nami nikapiga hesabu yangu. Nikajiambia, haya, Dorkasi sasa hana la kumshughulisha, mume amerudi, moyo umetulia, ataniombea kwa nguvu zake zote, na mwaka huu hauishi kabla sijapata. Nilianza kushona vitu vidogo. Gideoni aliviona chini ya mto akavirudisha.

Kumbe wivu ulikuwa umeshaingia, na uliingia kwa masikio. Zamani jioni upande wa pili wa ukuta palikuwa na kimya cha mwanamke anayekula peke yake. Sasa palikuwa na watu wawili wanaocheka wakila. Lazaro hakuwa mtu wa kusema sana, alirudi na kikohozi na tabia ya kulala ameelekea mlango, lakini Dorkasi alimchekesha. Nilimsikia akimwigiza Bi Zuhura, akimwigiza Mama Perisi, na usiku mmoja alimwigiza mtu ambaye sikumtambua, Lazaro akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikalala nikijiuliza kama nilikuwa mimi. Nikaanza kumuuliza Gideoni mbona sisi hatuchekani. Akasema tucheke basi, nini kichekeshacho?

Kisha Ramadhani ikaingia. Bi Zuhura alikuwa na desturi ya kutuletea futari sisi wapangaji wake wa kanisa, ingawa hatukufunga. Alisema hawezi kula akijua ukuta wa pili wanameza mate. Alasiri moja nilikuwa bafuni naoga, naye alikuwa jikoni na jirani yake, Bi Mwanaisha, wakikaanga samaki kwa ajili ya magharibi, na hawakujua nipo.

"Huyu Dorkasi ana mimba," alisema Bi Zuhura. "Ameukimbia moshi wa samaki leo kama mwizi aliyeona askari."

Bi Mwanaisha akauliza, na yule mwingine je, yule anayeombewa?

"Ndiyo mambo yao hayo ya vifungo. Kifungo cha mwenzake ameshika yeye, na tumbo ameshika yeye."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lazima niliandike hilo, kwa sababu Bi Zuhura huyo huyo ndiye aliyenichemshia dawa nilipougua, na jioni ile ile alinitumia bakuli la kaimati lenye kufurika shira ya sukari. Lakini nilibaki pale na kata ya maji mkononi, sabuni inanikaukia mwilini, mpaka walipoondoka. Jambo moja lilizunguka kichwani mwangu, na hata sasa nikilikumbuka naona lilikuwa na akili zake: ombi lilikuwa la mtoto, lilitoka chumba kile, na jibu likaja likaingia chumba kile. Likakosea mlango kwa upana wa ukuta usiofika juu.

Nilimwambia Gideoni usiku. Alikaa kitandani akinoa randa yake, nadhani ili asinitazame.

"Mungu si tarishi, Yunisi, akosee mlango."

"Basi hii ni nini?"

"Sijui. Mimi ni seremala."

Nilingoja Dorkasi aniambie mwenyewe. Hakuniambia. Alianza kujifunga leso mbili, akawa anafua nguo mapema kabla sijaamka, na tukikutana kisimani alizungumza juu ya bei ya makaa. Wakati ule nililiita jambo lile kiburi. Leo nadhani ilikuwa hofu, lakini sitaki kujipa busara ambayo siku ile sikuwa nayo. Nilimwona ananificha mali yangu chini ya leso zake, na nikamchukia mpaka kwenye vidole. Nilichukia anavyoshuka ngazi ya uani kwa uangalifu. Nilichukia namna Lazaro alivyomchotea maji, mwanajeshi mzima na ndoo, huku Bi Zuhura akimtania kwamba Bama walimfundisha kazi nzuri.

Leso mbili haziwezi kuficha tumbo milele. Wanawake wa Alhamisi walipoona, hapakuwa na mmoja aliyemsema usoni, lakini kila mmoja alikuja kwangu kwa wakati wake. Mirika alinishika mkono nje ya mlango. Aliniambia, dada, mwaka ukiisha kichukue kifungo chako, umpe mwingine. Mkono wa Dorkasi mzito, na kama si mzito basi anajipakulia kwanza. Mwingine alisema kwamba mimi nimewaombea watu wakapata, na wa kuniombea mimi amelala. Nikaona utamu katika maneno yale. Nilijifanya nakataa ili waendelee. Na baada ya siku chache Mama Perisi alimhamisha Dorkasi akakaa nyuma, akisema ni kwa ajili ya mgongo wake, palikuwa na ukuta wa kuegemea. Dorkasi alikwenda akaegemea. Hakuna aliyempa tena kifungo cha kushika. Alibaki na changu peke yake.

Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza. Jioni, kabla ya kula, wao walisali kama sisi tulivyosali, na mimi niliisogeza shughuli yangu karibu na ukuta, nikichagua mchele au nikikunja nguo. Sikutaka kumsikia akiniombea. Nilitaka kumsikia asiponiombea. Nilitaka niseme Alhamisi, mbele ya wote, kwamba jirani yangu anasali kwa ajili ya mumewe na tumbo lake na jina langu halitaji. Nilijiandaa kwa jambo hilo kama mtu anavyojiandaa kwa sherehe. Jioni mbili tatu palikuwa na kelele barazani nikasikia nusunusu. Kisha ikaja jioni yenye utulivu. Gideoni alikuwa hajarudi. Nilimsikia Lazaro akisali kwa haraka, sala ya askari, asante kwa leo na utupe kesho. Nikamsikia Dorkasi akivuta pumzi.

"Bwana, nimekuja tena na la Yunisi. Hili la kwangu sikukuomba. Silikatai, usije ukakasirika, silikatai. Lakini nilikutuma kwa Yunisi. Kila siku nakutajia Yunisi, mke wa Gideoni, chumba cha kushoto ukitoka barazani. Sasa napita mbele yake na tumbo hili kama mtu aliyevaa nguo za watu. Mpe lake. Kama naomba vibaya, nifundishe, mimi sikusoma."

Lazaro akasema chakula kinapoa.

"Kipoe. Sijamaliza."

Akaendelea. Aliniombea mpaka mchele wangu wote ukawa umechaguliwa mawe yake, na mimi nimekaa na ungo mapajani sina la kufanya. Nimewahi kusimulia habari hii kwa watu wawili, na wote walidhani kwamba hapo moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Nilikasirika kuliko siku zote. Ningemkuta mvivu ningepumzika, ningekuwa na sababu mkononi. Badala yake nilimkuta akiniombea vizuri kuliko nilivyowahi kumwombea mtu yeyote, kuliko nilivyomwombea Lazaro, kwa kuwa mimi nilikuwa nikifagia huku nikiomba na yeye aliacha chakula. Sasa nilimwonea wivu mume, tumbo, kicheko, na juu ya yote hayo, imani. Mimi niliyesifiwa mkono mwepesi sikuwahi kumweleza Mungu chumba cha mtu kiko upande gani.

Alhamisi ya mwisho ya mwaka kulikuwa na joto la kunata, na madirisha yote ya chumba cha nyuma ya kanisa yalikuwa wazi. Mama Perisi aliweka sinia katikati. Wenye vifungo visivyojibiwa walivifungua pindoni wakaviweka. Dorkasi alitoka nyuma kule ukutani, tumbo lake sasa limeshuka, akainama kwa shida, akakiweka cha kwangu. Aliporudi kukaa hakuniangalia. Zamu yangu ilipofika nikakiokota. Kilikuwa na joto la mwili wake.

"Yunisi," akasema Mama Perisi, "mwaka huu unampa nani?"

Nilimwona Mirika akijiweka sawa na kulegeza pindo la leso yake. Mwingine alitabasamu. Mama Perisi mwenyewe alikuwa ameinua kiganja kidogo kutoka pajani, na kushikiwa kifungo na Mama Perisi ilikuwa heshima ambayo wengine waliingojea miaka. Nilijua, kama kila mtu mle ndani alivyojua, kwamba nikikipeleka kwingine, Dorkasi amekwisha. Hapatakuwa na mwanamke atakayempa tena haja yake, na watasema mpaka uzeeni kwamba aliomba la mwenzake akala mwenyewe. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Kidogo nilimhurumia. Lakini palikuwa na jambo jingine lenye nguvu zaidi. Nikikichukua, Dorkasi atakuwa huru. Atakwenda zake na mtoto wake na mume wake na kicheko chake, na jioni atasali sala fupi wale chakula kikiwa moto. Sikutaka awe huru nami. Nilitaka aendelee kunitaja. Na chini kabisa ya hilo, kama nikichimba, palikuwa na hesabu ya kawaida ya mtu mwenye shida: kwamba nimesikia kwa masikio yangu namna anavyoomba, na kwamba kama kuna mtu mmoja Mombasa ambaye Mungu atachoka naye kabla yeye hajachoka, ni huyu. Kipi kati ya hivyo kilinisimamisha, sijui. Nilisimama nikapita katikati ya magoti ya watu mpaka ukutani, nikamnyoshea.

Hakukipokea mara moja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwaka mzima, Yunisi. Hujachoka nami?"

"Nimechoka. Shika."

Akakifunga pindoni, akakaza fundo kwa meno. Mama Perisi akasafisha koo akamwita anayefuata. Tulirudi nyumbani pamoja kwa njia ya soko la samaki, na penye matope nilimshika kiwiko kwa kuwa hakuona miguu yake.

Tabitha alizaliwa mwaka mpya ulipoanza, katika chumba kile, na Bi Zuhura ndiye aliyempokea. Nilimshika mimi kabla ya baba yake, kwa kuwa Lazaro alikuwa amekimbilia barazani. Baadaye wakaja wengine, mmoja baada ya mwingine. Mimi sikuzaa. Mama Perisi alikufa, chama cha Alhamisi kikapata viongozi wengine wenye mambo mengine, na vifungo vikasahauliwa. Sisi wawili hatukusahau. Kila Januari Dorkasi aliniuliza, nishike? Nami nilimjibu, shika, na mara nyingine nilisema kwa upole na mara nyingine kama mtu anayefunga mlango. Gideoni amenioa miaka yote hii na hajapata kuniuliza kwa nini sikukichukua.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona kitandani. Alikuwa amebaki macho na lile pengo la meno. Akanisogeza karibu akaniambia, "Yunisi, umri umetupita sote. Sasa nikuombee nini?" Nikaudhika. Nikamuuliza kama amechoka. Akacheka, kile kicheko cha ukutani. "Nauliza tu, nisije nikawa namchosha Mwenyewe." Nikamwambia nitafikiri. Niliondoka nikafikiri juu ya nauli na juu ya dawa za Gideoni, na kabla sijafikiri juu ya hilo, akafa.

Leo alasiri, mvua ikiwa kali zaidi, mtu alipiga hodi. Alikuwa Tabitha, amelowa mpaka mabegani, mwanamke mzima mwenye miguu mikubwa ya Lazaro. Alisimama mlangoni hajui aingie na viatu au avivue. Nilimwambia aingie hivyo hivyo. Akakaa kwenye meza ya makasha, ambayo bado tunayo, akafungua pindo la leso yake. Kifungo kimekuwa cha manjano kama jino.

"Mama Mdogo, waliomwosha Mama walinipa hiki. Kilikuwa kwenye leso aliyovaa."

Nikanyosha mkono. Akakifumbata.

"Alisema hakirudi kwako, nishike mimi. Alisema nikuulize niombe nini, eti wewe ulikuwa unafikiri."

Dorkasi amekufa na bado ana mtu wa kuendelea na kazi yake. Wivu ulionishika ulikuwa mpya kabisa, kana kwamba sijapata kuonja. Gideoni akasema kutoka kitini kwake, mwambie aombe bati lisivuje, hilo Mungu atalielewa upesi. Tabitha akacheka, na nilimjua yule aliyecheka. Nilitazama nje nikaona mvua inavyokwenda uani, nikajiona mimi, ajuza wa miaka yangu, na nikajua jibu lilikuwepo tangu mwezi uliopita, nilikuwa naona haya kulitamka.

"Omba lile lile la mama yako," nikamwambia. "Usibadilishe neno."

Hakushangaa. Akauliza tu, aseme chumba cha upande gani? Nikamwelekeza: Tononoka, nyumba ya pili ukitoka kisimani, mlango wa kijani. Sijui kama hii ni imani au ni ukaidi. Akarudia maneno yale taratibu mpaka akayashika, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

Jioni tulikula muhogo wa nazi na papa mkavu, watu watatu, na glasi nilizihamishia dirishani. Tabitha aliomba aongezewe.